Hormando Muiba Cuéllar, Mkaguzi wa Ndege za Beni

Marehemu Hormando Muiba Cuéllar, ambaye Trinidad nzima ilimwita Don Hormando na marubani wakamwita Mzani, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 huko Loreto, mkoani Beni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Saturnino Muiba, mchunga ng'ombe katika ranchi za watu, na marehemu Candelaria Cuéllar, aliyeoka mikate ya muhogo na jibini na kuiuza mbele ya kanisa. Alizaliwa siku ya upepo baridi wa kusini. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alitoka tumboni amekunja uso, kama mgeni aliyefika akakuta nyumba haijafagiliwa.

Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Loreto, kisha akaja sekondari hapa Trinidad, akikaa kwa shangazi yake, Doña Asunta. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Shangazi alimkumbuka kwa jambo moja: ndege ilipopita, Hormando aliacha sahani mezani akatoka uani, akasimama ameinamisha kichwa. Wenzake walitazama juu. Yeye alikuwa akisikiliza injini. Mwaka 1970 alikwenda Cochabamba kusomea ufundi wa ndege, akahitimu Novemba 1973, akarudi nyumbani na koti la sufu ambalo hakulivaa tena.

Kwa miaka kumi alikuwa fundi katika kampuni moja ndogo iliyosafirisha nyama kutoka ranchi za ndani. Hapo ndipo alipokutana na Kapteni Rúber Antelo, mzaliwa wa Santa Ana, rubani mwenye mikono myepesi na mdomo usiotulia. Rúber aliimba akiwa angani, na Hormando aliomba Mungu akiwa chini, hadi ndege ionekane tena juu ya miti. Walikuwa vijana wa rika moja, wakila sahani moja ya ndizi za kuponda na nyama kavu chini ya bawa la ndege. Noelia, binti wa kwanza wa Don Hormando, alipozaliwa, Rúber ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Tangu siku hiyo waliitana kompadre, na hakuna aliyewasikia wakiitana kwa jina lingine.

Lakini ndoa ilitangulia, na habari ya ndoa hiyo watu wa uwanja wa ndege wanaijua. Mwaka 1980, msichana wa kijiji cha San Lucas, ng'ambo ya mto Mamoré, alikuja kupanda ndege ya kurudi kwao. Hormando akamwonyesha mzani wa mizigo.

"Panda, dada."

"Nipande wapi? Mimi ni ng'ombe?"

"Ng'ombe leo hasafiri. Wewe unasafiri."

"Na nikikataa?"

"Nitakukadiria kwa macho, niseme kwa sauti, na watu wote hawa wasikie."

Alipanda. Doña Erlinda Noza alikuwa akisema hadi juzi kwamba mumewe ndiye mwanamume pekee mkoani aliyemuuliza mwanamke uzito wake akaondoka na mke. Walifunga ndoa katika kanisa kuu la Trinidad tarehe 20 Juni 1981, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1984 Don Hormando aliajiriwa na mamlaka ya usafiri wa anga kuwa mkaguzi wa usalama, na akawa hivyo kwa miaka ishirini na saba. Wengi walidhani kazi ya mkaguzi ni kukamata. Yeye aliifanya kwa namna yake. Rubani aliyekosea mara ya kwanza aliitwa pembeni akaambiwa. Wa mara ya pili alipewa onyo la maandishi. Wa mara ya tatu alifunguliwa shauri, akapewa siku za kujitetea, na shauri likienda vibaya alifungiwa leseni. Lakini aliyekuja mwenyewe na kusema, "Don Hormando, jana nilitua na mafuta ya kijiko," huyo alikaribishwa kahawa. Waliongea hadi kosa lijulikane limetoka wapi, kisha akarudi kwake akiwa na leseni yake mfukoni. Don Hormando aliamini kwamba mtu akiogopa adhabu kuliko anavyoogopa kuanguka, adhabu hiyo imeshaharibika.

Adui yake hakuwa rubani hata mmoja. Alikuwa nyongeza. Ukinunua mchele sokoni kwetu, muuzaji hupima, kisha huongeza konzi moja juu ya kipimo, na asiyeongeza huitwa bahili mpaka na jirani yake. Desturi hiyo ilipanda ndege. Huko ranchi mzigo ulipimwa, karatasi ikasainiwa, rubani akafunga mlango, na hapo ndipo watu walipokuja mbio kwenye uwanja wa majani: kuku wawili wa dada yangu, Kapteni, jibini la mwanangu aliye jeshini, kiroba hiki kidogo tu. Nyongeza haikupimwa, kwa kuwa kuipima ni kumtukana anayetoa. Na hakuna rubani aliyeikataa, maana hao hao ndio waliomlaza na kumlisha mvua ilipomfungia njia.

Mwezi Januari 1998, mito ikiwa imefurika na barabara zote zimekatika, Don Hormando aliweka mzani kwenye uwanja wa Trinidad akapima kila ndege iliyotua. Ya nne ilikuwa ya Rúber.

"Kompadre, mzani huo umenitegea mimi?"

"Nimemtegea kila atuaye."

"Basi funga jicho moja."

"La kulia ni la serikali. La kushoto ni la Mirtha mkeo, aliniambia nikuangalie. Nifunge lipi?"

Rúber alicheka sana, na waliokuwapo wakacheka. Alidhani mambo yameishia hapo. Lakini ndege ilikuwa imezidi uzito kupita kiasi cha kusema ni kusahau, na onyo la maandishi alikuwa nalo tayari.

Don Hormando aliandika makao makuu La Paz kuomba shauri hilo apewe mkaguzi mwingine, kwa sababu mshtakiwa alikuwa baba wa ubatizo wa binti yake. Akajibiwa kwamba Beni haina mkaguzi mwingine, aendelee kwa haki. Akaendelea. Rúber hakuja na wakili, alikuja na kofia mkononi.

"Nimkatalie mama aliyenipa kitanda chake? Nimwambie jibini lako zito?"

"Mwambie."

"Wewe ungemwambia?"

"Ningemwambia."

"Ungemwambia kwa sababu hakuna anayekuletea kitu, kompadre. Watu wanakuogopa. Mimi wananipenda, na kupendwa kuna uzito wake."

Alifungiwa leseni miezi mitatu, ndiyo adhabu ndogo kuliko zote ambazo kanuni iliruhusu. Ilikuwa miezi ya mafuriko, ambayo rubani wa Beni hula kwayo mwaka mzima. Mlangoni Rúber aligeuka. "Ungenifungia kiangazi, hata ningekushukuru." Baada ya hapo hakusema naye tena. Walipokutana karibu na uwanja mkuu wa mji, Rúber alivuka upande wa pili. Don Hormando hakumsema vibaya nyumbani, wala hakuruhusu asemwe. Usiku mmoja mkewe alimuuliza kama anajuta, akajibu kwamba ikiwa leseni imefungwa Rúber yuko chini, na akiwa chini yu hai. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka: kompadre wake awe hai, hata kama uhai huo una kinyongo.

Leseni ilirudishwa tarehe 20 Aprili. Jumamosi ya tarehe 25 Noelia alikuwa anatimiza miaka kumi na tano, na gauni lake lilikuwa limeshatundikwa mlangoni. Doña Erlinda alipeleka mwaliko kwa Rúber kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa kwetu binti hatimizi miaka kumi na tano bila karamu, na bila baba wa ubatizo kucheza naye dansi. Rúber aliupokea bila kusema atakuja au hatakuja.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa San Lucas kuchukua mzigo. Yaliyotokea huko yalijulikana kesho yake, Don Hormando alipofika na buti zake kufanya uchunguzi. Aliyemsimulia alikuwa mama mkwe wake, Doña Peregrina Noza, akiwa ameketi kwenye kigogo pembeni mwa uwanja wa majani, akilia na kusema bila kuficha kitu.

Alisema Rúber alipima mzigo wote siku hiyo, hata begi lake. Watu walipokuja na nyongeza aliwarudisha mmoja mmoja. Wakamcheka. "Miezi mitatu tu wamekutoa moyo, Kapteni?" "Mwacheni, siku hizi ameoa mzani!" Naye alicheka nao, lakini mlango hakuufungua.

Ndipo Doña Peregrina alipokuja na mguu wa ng'ombe, umefungwa katika shuka nyeupe.

"Huu ni wa karamu ya Noelia. Binti yako huyo. Utaingia karamuni mikono mitupu?"

"Mama, mkweo atanifungia tena."

"Atakufungia kwa nyama atakayoila yeye? Mpelekee kwa mkono wako mwenyewe, mkae mezani, yaishe. Mmenuniana kama watoto, na mimi nazeeka."

Rúber alisimama akiutazama ule mguu muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, lete. Leo nakula kwa kompadre." Akafungua mlango.

Watu waliuona mlango umefunguka. "Kumbe nafasi ipo!" Akaja wa kuku. Akaja wa jibini. "Umepokea wa bibi, wangu una kasoro gani?" Mwenye kupokea kimoja mbele ya macho ya watu hawezi kukataa cha pili, hilo kila mtu wa Beni analijua, na Rúber alikuwa mtu wa Beni. Majani yalikuwa bado na maji. Ndege ilikimbia uwanja mzima, ikanyanyuka kwa shida, ikagonga mitende iliyo mwisho wa uwanja. Alikuwa peke yake ndani. Walipomfikia alikuwa ameshafariki.

Don Hormando aliandika yote hayo akiwa amepiga goti, daftari likiwa juu ya paja.

"Unaandika nini, mwanangu?" Doña Peregrina aliuliza.

"Yaliyotokea, mama."

"Ule mguu usiuandike."

"Nitauandika. Na ulikuwa unakwenda kwa nani, nitaandika."

Mama huyo, ambaye Mungu alimchukua mwaka 2004, hakulaumiwa na mkwewe siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Don Hormando alimshika mkono akamrudisha nyumbani kwake, akamchotea maji, kisha akarudi kwenye mabaki ya ndege.

Karamu haikufanyika. Gauni lilirudishwa kwa fundi. Kwenye mkesha wa msiba, Doña Mirtha Justiniano, mjane wa Rúber, alisimama katikati ya sebule na kikombe cha kahawa mkononi, akamwambia Don Hormando mbele ya waombolezaji wote: "Ulimfungia kwa ajili ya nyama ya watu. Kwa ajili ya nyama yako umemzika." Don Hormando alikaa mpaka asubuhi, akabeba jeneza upande wa kichwa, na hakuna aliyemzuia.

Katika ripoti ya ajali aliandika kwamba mzigo uliozidi ulianza na zawadi iliyokuwa ikipelekwa nyumbani kwa mkaguzi, na kwamba rubani aliikubali kwa sababu ilikuwa ya mkaguzi. Akaomba afunguliwe shauri. Alingoja jibu kama anavyongoja mgonjwa. Jibu lilikuja baada ya mvua za mwaka uliofuata, la adabu na la kisheria: kanuni humwadhibu anayebeba na anayepakia, lakini haina kifungu kwa yule anayepelekewa. Mkaguzi aendelee na kazi yake nzuri. Aliandika tena mara mbili. Barua ya mwisho haikujibiwa.

Jambo moja alilolipendekeza lilikubaliwa. Mizani ililetwa katika viwanja vyote vya ranchi, mizuri, ya chuma, na Don Hormando mwenyewe alizunguka nayo akiwafundisha watu. Watu wakapima. Wakapima kwa uaminifu kabisa, karatasi ikasainiwa, na baada ya hapo wakaleta nyongeza, kwa sababu nyongeza kwa asili yake huja baada ya mzani. Mwaka 2001 ndege nyingine ilianguka hivyo hivyo, na mwaka 2006 nyingine. Marubani nao waliacha kuja kunywa kahawa ofisini kwake. Walisema aliyemfungia kompadre wake atamwachia nani? Hivyo makosa madogo hakuyasikia tena. Aliyasikia yakishakuwa makubwa, redioni, kama wananchi wengine.

Hakuacha kazi. Aliulizwa mara nyingi kwa nini, hasa na watoto wake. Alisema tu kwamba akiondoka mzani utabaki palepale, lakini hakutakuwa na wa kusimama kando yake. Alistaafu tarehe 31 Agosti 2011. Baada ya hapo alifuga kuku, alisali rozari na mkewe jioni, na alikaa kibarazani. Ndege ilipopita juu ya nyumba aliacha kuongea mpaka sauti iishe. Nyama ya ng'ombe hakuila tangu mwaka 1998, na hakupenda kuulizwa kwa nini.

Mwaka 2019 aligunduliwa kuwa na kisukari ambacho kilikuwa kimeshafika kwenye figo. Alitibiwa hapa Trinidad, akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na aliwaheshimu wauguzi waliomhudumia, hata alipowauliza kama mashine imekaguliwa. Ndugu waliomuuguza wanajua kwamba alikuwa mgonjwa mtiifu, ila hakuwa mgonjwa mwenye matumaini. Padre alipomwambia kwamba Mungu husamehe yote, alimjibu kwa upole, "Najua, Padre. Lakini mimi nilikosana na Rúber."

Mwanzoni mwa mwezi huu, alipojua kwamba siku zimekwisha, alimwomba Doña Erlinda ampelekee Doña Mirtha ujumbe. Hakuomba asamehewe. Aliomba aje tu aketi, aseme lolote alilobaki nalo. Doña Erlinda alikwenda mwenyewe. Alimkuta Mirtha akianika nguo, nywele zote nyeupe, wajukuu wa Rúber wakicheza kwenye matope.

"Maneno yale niliyasema kwa uchungu, komadre," Mirtha alisema. "Mwambie sina kesi naye. Rúber alikuwa mtu mzima, mlango aliufungua yeye. Sina cha kumsamehe. Na sitakuja, magoti yananiuma."

Doña Erlinda alirudi akamweleza mumewe neno kwa neno, akidhani anampelekea faraja. Don Hormando alisikiliza macho yakiwa juu darini. Kisha akasema, "Basi hakuna wa kulisikiliza shauri hili." Akageukia ukutani. Yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho yenye kueleweka.

Alifariki nyumbani kwake mtaa wa Pompeya, Trinidad, Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na moja jioni, mkewe na binti zake wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Marehemu ameacha mjane, Doña Erlinda Noza, binti zake Noelia na Yaneth, mwanawe Wilber, aliyeko Santa Cruz, ambaye kwa maji kufunika barabara hakuweza kufika leo, wajukuu sita, dada yake Doña Felicidad wa Loreto, na binti na wana wa marehemu Kapteni Rúber Antelo, ambao kila alipowataja aliwaita wanangu, ingawa wao hawakupata kumwita baba.

Aliyehukumu wengine kwa miaka mingi na asipate wa kumhukumu, Mungu amsikilize shauri lake, na baada ya hapo amwache alale.